Kumtafuta askari wa Rejimenti ya 24 na medali yake: daftari la medali, jalada la pensheni, kitabu cha mishahara au makumbusho?

Tuseme una jina moja tu: W. Jones, Rejimenti ya 24. Au una medali ya fedha, upande mmoja kichwa cha Malkia Victoria, upande wa pili simba aliyeinama mbele ya kichaka, na ukingoni maandishi madogo yaliyochongwa. Unataka kumjua aliyeivaa. Ukiwauliza waliozoea kazi hii, mmoja atakwambia anza na daftari za medali, wa pili atakutuma kwenye majalada ya wastaafu, wa tatu atasema nenda Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, ukafungue vitabu vya mishahara, na wa nne atakushauri uwaandikie watu wa makumbusho kule Wales. Wote wanasema kweli. Kila mmoja ana askari wake kichwani.

Makala hii inaziweka njia hizo nne sambamba. Nimeishikilia rejimenti moja na vita vimoja ili mifano isielee hewani: Rejimenti ya 24 ya Uingereza na vita vya Wazulu vya 1879. Utaratibu wenyewe unafuatika kwa rejimenti nyingi za askari wa miguu za enzi ya Victoria.

Rejimenti yenyewe, kwa ufupi

Ilianzishwa 1689. Kwenye karatasi ilikuwa rejimenti ya Warwickshire, lakini tangu 1873 depo yake ilikuwa Brecon, Wales, na tarehe 1 Julai 1881 ikabadilishwa jina kuwa South Wales Borderers. Mwaka 1969 iliunganishwa na rejimenti nyingine ya Wales, na tangu 2006 warithi wake wanaitwa The Royal Welsh. Majina haya si mapambo. Askari yuleyule anaweza kuwa wa 24 kwenye medali ya Afrika Kusini na wa South Wales Borderers kwenye medali ya India yenye kibao cha Burma, ilhali hakuhama hata siku moja.

Jina lake linakumbukwa kwa siku moja, 22 Januari 1879. Siku hiyo jeshi la Wazulu la watu wapatao 20,000 liliishambulia kambi ya Waingereza chini ya mlima Isandlwana. Zaidi ya 1,300 wa upande wa Uingereza waliuawa, wakiwemo mamia ya Waafrika wa Natal waliokuwa wameajiriwa kupigana upande huo. Batalioni ya kwanza ya 24 ilipoteza kombania tano pale, na ya pili ikapoteza kombania moja. Jioni hiyohiyo, mwendo wa saa chache kutoka hapo, Kombania B ya batalioni ya pili ililinda kituo cha Rorke's Drift hadi alfajiri. Nishani 11 za Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, zilitolewa kwa ulinzi ule, na saba kati yake zilikwenda kwa watu wa 24.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaiuliza maswali matano yaleyale: inakupa nini, inamwacha nani nje, unaifikiaje na kwa gharama gani, inakupotosha wapi, na inamfaa nani.

Ila kuna swali moja ambalo ni lako wewe kulijibu kabla ya yote, kwa sababu ndilo litakaloamua njia: askari wako alitokaje jeshini? Alikufa kazini? Alijeruhiwa akapewa pensheni? Alimaliza muda wake akarudi nyumbani? Alitoroka? Karani wa jeshi hakuandika kwa ajili ya vitukuu. Aliandika kwa sababu kuna fedha au kitu kilikuwa kinadaiwa, na karatasi ikahifadhiwa kadiri deni lilivyodumu. Aliyekula pensheni miaka 30 ameacha jalada. Aliyekufa vitani baada ya miezi kumi na minane ameacha mistari michache, na mistari hiyo imetawanyika. Wengi hulipia tovuti kwanza, halafu swali hili wanakuja kulikumbuka wakati matokeo yamerudi matupu.

Njia ya kwanza: daftari za medali

*Inakupa nini.* Nyaraka za Taifa za Uingereza zimezihifadhi daftari hizi katika mfululizo uitwao WO 100. Kila rejimenti iliorodhesha watu wake waliostahili medali ya kampeni fulani: namba, cheo, jina, vibao alivyostahili, na mara nyingi safu ya maelezo, kwamba ameuawa, ameachishwa, amehamishwa au ametoroka. Kibao ni kile kipande chembamba cha fedha kinachobanwa juu ya utepe. Kwa medali ya Afrika Kusini iliyoidhinishwa 1880, vibao vilibeba miaka: 1877, 1878, 1879, au michanganyiko kama 1877-8 na 1877-8-9. Askari aliyebaki Natal bila kuvuka mpaka kuingia Zululand alipata medali isiyo na kibao.

Mahali alipozaliwa, wazazi wake na umri wake havimo. Ni orodha ya kugawia medali, basi.

*Inamwacha nani.* Waliokufa wamo, maana medali yao ilitakiwa iwafikie ndugu, na hapo ndipo daftari hili linapozishinda nyaraka nyingine. Asiyekuwemo ni aliyebaki depo Brecon wakati wenzake wakiwa vitani. Na wale Waafrika wa Natal waliokufa Isandlwana, usiyategemee majina yao humu. Ya wengi wao hayakuandikwa popote. Ukisikia watu wakizisifu nyaraka za Waingereza kwa ukamilifu, kumbuka na hilo.

*Unaifikiaje.* Picha za kurasa zimo kwenye tovuti ya Ancestry kwa malipo ya uanachama. Ukiwa Kew, London, unazisoma bure kwenye kompyuta za Nyaraka za Taifa. Njia nyingine isiyo na gharama ni vituo vya FamilySearch, vya kanisa la Wamormoni, ambavyo vipo katika miji mingi duniani na hufungulia wageni tovuti kadhaa za kulipia. Huulizwi dini yako. Piga simu kwanza ujue wanafungua siku gani.

*Inakupotosha wapi.* Hapa ndipo panapotaka utulivu, kwa sababu ndipo wauzaji wa medali wanapovunia.

Hakuna kibao cha Isandlwana, wala cha Rorke's Drift. Batalioni zote mbili zilikuwa Afrika Kusini kabla ya 1879, ya kwanza tangu 1875 na ya pili tangu 1878, kwa hiyo kibao cha 1877-8-9 walikipata waliokuwa Rorke's Drift, waliofia Isandlwana, na wengi wengine ambao siku ile walikuwa mbali kabisa na vita vyote viwili. Halafu baada ya maafa, batalioni ya kwanza ilijazwa upya na askari waliotolewa rejimenti nyingine. Medali iliyochongwa "24th Foot" yenye kibao cha 1879 inaweza kuwa ya mmoja wa hao waliofika damu imeshakauka. Ni medali halali, ya askari halali, lakini hadithi yake ni nyingine, na bei yake inapaswa kuwa nyingine.

La pili ni namba. Enzi hizo namba ilikuwa mali ya rejimenti. Askari akihama, alipewa mpya kule aendako, na namba moja kwa maisha yote ya askari haikuwepo hadi 1920. Namba nyingi za 24 za miaka ile hutanguliwa na 25B, alama ya depo ya brigedi ya 25 pale Brecon. Usiidharau namba hata kidogo. Katika hospitali ya Rorke's Drift chumba kimoja kililindwa na William Jones na Robert Jones, wote wa Kombania B, wote wakapata Victoria Cross, na majina hayo Wales yamejaa kama mchanga wa pwani. Kinachowatenganisha kwenye orodha ni 593 na 716.

La tatu ni ughushi. Daftari linathibitisha kwamba mtu fulani alistahili medali. Halithibitishi kwamba hiyo uliyoishika ndiyo aliyopewa. Kwa kuwa medali za waliofia Isandlwana huuzwa ghali mno, wapo waliochukua medali ya kawaida, wakausugua ukingo, wakachonga jina jipya la mfu aliyemo kwenye orodha. Medali halisi ina kipenyo cha milimita 36. Iliyosuguliwa hupungua, na maandishi yake mara nyingi hukaa kwenye ukingo uliobonyea au usio na unene sawa. Kipimo cha fundi cha kupimia kipenyo kinakusaidia hapo kuliko tovuti yoyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye medali mkononi, au mwenye jina na shaka kama mtu huyo alikwenda vitani kweli. Ni njia ya haraka. Ukiwa na namba, jioni moja inatosha.

Njia ya pili: majalada ya wastaafu

*Inakupa nini.* Huu ni mfululizo WO 97, nyaraka za askari waliopitia hospitali ya kifalme ya Chelsea, ambayo ndiyo iliyosimamia pensheni. Ukilipata jalada la mtu wako, umepata mtu mzima: parokia aliyozaliwa, kazi aliyoifanya kabla ya jeshi, umri, urefu, rangi ya macho na nywele, siku alizotumikia katika kila nchi, tabia yake, adhabu alizopewa, medali, majeraha, na sababu ya kuachishwa. Majalada ya baadaye hutaja na ndugu wa karibu na mahali alipokusudia kuishi. Kuna askari ambao makovu na michoro ya mwilini imeandikwa kwa uangalifu kuliko vita walivyopigana. Lengo lilikuwa kumtambua akitoroka, au mtu mwingine asije akachukua pensheni kwa jina lake.

*Inamwacha nani.* Wengi sana, na hapa lile swali la mwanzo linarudi. Kabla ya 1883, majalada haya ni ya walioachishwa wakapewa pensheni, ama kwa utumishi mrefu, ama kwa ugonjwa au jeraha. Aliyekufa kazini hayumo. Aliyejinunulia uhuru kwa kulipa fedha atoke mapema, kwa kawaida hayumo. Mtoro hayumo. Kuanzia 1883 mlango unapanuka, na waliomaliza mkataba wao au kujinunua wanaingia hata kama hawakupata pensheni. Hivyo Frederick Hitch, aliyevunjwa bega kwa risasi Rorke's Drift na kuvishwa Victoria Cross na Malkia mwenyewe katika hospitali ya Netley mwaka huohuo wa 1879, ni mfano wa mtu ambaye mfululizo huu ulitengenezwa kwa ajili yake. Mwenzake wa rejimenti aliyelala Isandlwana, usipoteze hata dakika kumtafuta humu.

*Unaifikiaje.* Picha ziko kwenye tovuti ya Findmypast, kwa malipo. Kew ni bure, na vituo vya FamilySearch vinafaa hapa pia. Kwa askari walioachishwa kabla ya 1855, orodha ya Nyaraka za Taifa yenyewe mtandaoni inatafutika kwa jina bila malipo, hata kama picha ya jalada utailipia.

*Inakupotosha wapi.* Jalada linasema alichokisema askari siku aliyojiandikisha. Vijana waliongeza umri, na wengine walibadili hata majina. John Williams wa Kombania B, mwenye Victoria Cross, kwao Abergavenny aliitwa John Fielding. Kama familia ya Fielding ingemtafuta kwa jina lake la kuzaliwa, ingekuta ukurasa mtupu. Mtu wako asipoonekana, jaribu jina la ukoo wa mama yake kabla ya kukata tamaa.

*Inamfaa nani.* Wanaotafuta nasaba, na wanaotaka kuandika habari za maisha ya askari mmoja aliyerudi nyumbani. Kwa mtu wa medali ni hatua ya pili nzuri.

Njia ya tatu: vitabu vya mahudhurio na mishahara

*Inakupa nini.* Kila robo ya mwaka karani wa batalioni aliandika nani alikuwepo, yuko wapi, amelipwa siku ngapi, amekatwa nini. Askari wa kawaida alihesabiwa shilingi moja kwa siku kabla ya makato, na makato hayakuwa haba. Vitabu hivi vimo katika mifululizo miwili, WO 12 hadi 1878 na WO 16 kuanzia hapo hadi 1898. Ukivifuata robo kwa robo unamwona kuruta akiingia, akipanda meli, akilazwa, akifungwa korokoroni, akipandishwa cheo na kushushwa, mpaka siku jina linapokatwa. Kwa miaka ya kuanzia 1868 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 utakuta pia orodha za wake wa askari walioolewa kwa idhini ya jeshi na watoto wao, habari ambazo daftari la medali haliwezi kukupa hata ukiligeuza juu chini.

*Inamwacha nani.* Karibu hakuna. Aliyelipwa ameandikwa, awe alikufa, alitoroka, alijinunua au alizeeka jeshini. Kati ya njia nne, hii ndiyo yenye haki zaidi kwa askari mdogo asiye na sifa.

*Unaifikiaje.* Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Sehemu kubwa ya vitabu hivi haijawekwa mtandaoni. Lazima uende Kew, utengeneze kadi ya msomaji kwa kuonyesha vitambulisho, uagize majuzuu mapema, na ufungue kurasa kwa mkono wako. Kusoma hakulipiwi, na kupiga picha kwa simu yako mwenyewe ni bure. Aliye Leicester au Birmingham anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Aliye Mombasa au Mwanza ana mambo mawili: kumlipa mtafiti wa kujitegemea anayefanya kazi pale kwa saa, au kuagiza nakala kutoka Nyaraka za Taifa, ambazo huanza kwa ada ya kukadiria kurasa kabla hujalipia nakala zenyewe. Kwa uzoefu wa wengi, mtafiti wa saa chache hutoka nafuu, mradi umpe namba, batalioni na miaka. Ukimpa jina tupu, saa zako zitakwisha akiwa bado anawapekua akina Jones.

*Inakupotosha wapi.* Uchovu. Mwandiko ni mgumu, vifupisho ni vingi, na jicho likichoka linaruka mstari. Halafu vitabu ni vya batalioni, si vya rejimenti nzima. Usipojua kama mtu wako alikuwa wa kwanza au wa pili, utafungua majuzuu maradufu. Maandishi ya ukingoni mwa medali, yale ya "1-24th" au "2-24th", yanakuokoa hapo.

*Inamfaa nani.* Aliyekwama. Mtu ambaye daftari la medali limempa mstari mmoja na majalada ya pensheni yamekaa kimya. Pia anayetaka kujua wenzake wa kombania, yaani nani alisimama na nani mwaka ule.

Kama mtu wako alifia jeshini, kabla ya kulipia safari ulizia na taarifa za vifo na hasara zilizomo katika WO 25. Nyingi hutaja mahali alipozaliwa, kazi yake ya zamani, alikufa lini na wapi, salio la fedha zake, na ndugu aliyestahili kulipokea. Kwa wafu wa kampeni, mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kukupa jina la mama.

Njia ya nne: makumbusho ya rejimenti, Brecon

*Inakupa nini.* Makumbusho ya The Royal Welsh iko katika kambi ya zamani ya Brecon. Ina mkusanyiko mkubwa wa medali za 24, zikiwemo Victoria Cross za Rorke's Drift, pamoja na picha, barua na kumbukumbu za rejimenti. Zaidi ya vitu, ina watu waliokwisha kuulizwa swali lako mara nyingi. Wanaweza kukwambia kwamba kuna picha ya kombania, au kwamba medali ya mtu wako ilishaonekana mnadani. Ukifika mjini, pita na kanisa kuu la Brecon. Humo imetundikwa bendera ya Malkia ya batalioni ya kwanza, ile ambayo Luteni Melvill alitoka nayo Isandlwana na ambayo baadaye ilipatikana katika Mto Buffalo. Yeye na mwenzake, Luteni Coghill, waliuawa ng'ambo ya mto, na Victoria Cross zao zikatolewa 1907.

*Inamwacha nani.* Askari wa kawaida asiye na tukio. Makumbusho haina majalada ya utumishi ya kila mtu. Hayo ni ya serikali na yako Kew.

*Unaifikiaje.* Kwa kuandika. Makumbusho za namna hii hutoza ada ya utafiti na hujibu taratibu, kwa sababu wafanyakazi ni wachache. Angalia kama iko wazi kabla ya kupanga safari.

*Inakupotosha wapi.* Makumbusho ya rejimenti inaipenda rejimenti yake, na ni haki yake. Utapata ushujaa mwingi na adhabu chache. Aliyechapwa, aliyeugua kaswende, aliyetoroka Cape, huyo utamkuta kwenye karatasi za Kew.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitu cha kuwaonyesha: picha yenye sare, barua, medali yenye jina kamili. Na mwandishi anayetaka kuuelewa mwaka mzima wa batalioni kuliko maisha ya mtu mmoja.

Vya kupita haraka

Kwa maofisa mambo ni tofauti na mepesi. Orodha za kila mwaka za maofisa wa jeshi zimewekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Scotland, na gazeti la serikali, London Gazette, ambalo nalo linasomwa bure, limechapisha teuzi zao, vyeo na nukuu za Victoria Cross. Sensa ya 1881 inatafutika bure FamilySearch. Na kwa rejimenti hii hasa, usiache magazeti ya Wales ambayo Maktaba ya Taifa ya Wales imeyafungua kwa wote hadi mwaka 1919. Mwaka 1879 magazeti yalichapa barua ambazo askari waliziandika nyumbani, na katika barua hizo utasikia sauti ambayo hakuna daftari lililoihifadhi. Huko ndiko pia utakakopata maisha ya baadaye. Henry Hook wa Rorke's Drift, kwa mfano, alikuja kufanya kazi British Museum akitunza miavuli ya wageni.

Basi uanzie wapi?

Una medali na hujainunua bado: daftari la medali, leo hii, kabla ya kuzungumza bei. Soma namba na batalioni ukingoni, pima kipenyo, kisha linganisha na orodha na safu yake ya maelezo. Muuzaji akisema "alikuwa Rorke's Drift", mwombe akuonyeshe jina hilo kwenye orodha za walinzi zilizotengenezwa wakati ule. Luteni Chard, aliyeongoza ulinzi, aliandika moja. Asipokuwa nalo, unanunua medali ya 24 ya kampeni ya Afrika Kusini, na ulipie bei hiyo.

Una jina la babu wa upande wa mkwe na familia inasema alirudi mzee, akipokea pensheni: majalada ya WO 97, halafu sensa, na medali iwe ya mwisho. Usishangae ukikuta hakuwa hata karibu na Zululand. Familia nyingi za Wales Kusini zina shujaa wa Rorke's Drift, ilhali walinzi walikuwa 150 hivi tu.

Familia inasema alifia vitani: daftari la medali kwa uthibitisho, WO 25 kwa ndugu zake, vitabu vya mishahara kama fedha inaruhusu. Majalada ya pensheni yaruke kabisa.

Hujui alitokaje jeshini: angalia WO 97 kwanza, kwa kuwa kutafuta kwa jina ni kazi ya dakika chache. Ukikosa, hilo lenyewe ni jibu la nusu, na linakusogeza kwenye vitabu vya WO 16.

Uko Afrika Mashariki na bajeti ni ndogo: kituo cha FamilySearch kama kipo mjini kwako, magazeti ya Wales, London Gazette. Kusanya namba, batalioni na miaka mpaka usiwe na la kuongeza, ndipo umlipe mtu wa Kew saa mbili au tatu.

Na kama kilichokuleta kwenye medali za Victoria ni pwani yetu yenyewe, rejimenti hii haitakusaidia, lakini ramani inakaribia kufanana. Mashambulizi ya Witu ya 1890 na 1893 na vita dhidi ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui vilitambuliwa kwa medali ya Afrika Mashariki na Magharibi. Ya Witu ilikuwa na kibao. Ya Mwele ya 1895-1896 haikuwa nacho, jina la mahali lilichongwa ukingoni. Waliopigana huko kwa sehemu kubwa walikuwa mabaharia na askari wa kutoka India, kwa hiyo ubadili mlango: daftari za medali za jeshi la majini ziko Kew katika ADM 171, na kwa askari wa India uulize British Library, kwenye nyaraka za iliyokuwa Ofisi ya India.